Historia ya Konami, Kampuni ya PES, na Majina Yaliyoandikwa na Yasiyoandikwa

Mwezi uliopita tuliwauliza insha ya historia ijayo iwe juu ya nini. Tulitegemea mtasema uhuru wa nchi fulani, au wafalme wa zamani. Kumbe wengi mkaandika neno moja tu: PES. Mama mmoja akajibu, "Yaani ninyi watoto, historia yote hii duniani, mmechagua mchezo?" Mama, tumekusikia. Lakini tunakuomba usome hadi mwisho, maana tulipoanza kuchimba tulikuta mambo ambayo hata sisi tulioshika padi miaka mingi hatukuyajua.

Karibu kila kijana hapa kambini ameicheza PES. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa padi wanaiita manette, wengine wanasema pedi, lakini kibanda ni kilekile: televisheni moja, PlayStation 2 iliyochubuka rangi, waya zimefungwa kwa utepe, benchi moja na foleni ndefu. Unalipa kwa mechi. Ukifungwa unanyanyuka, mwenzako anakaa. Mchezo unapowaka tu, kabla ya chochote, linatokea neno KONAMI. Tumeliona mara elfu na hatukuwahi kuuliza hao ni akina nani.

Fundi wa masanduku ya muziki

Konami ilianza tarehe 21 Machi 1969 huko Osaka, Japani. Aliyeianzisha ni Kagemasa Kozuki, na kazi yake ya kwanza haikuwa gemu. Alikuwa anakodisha na kutengeneza jukboksi, yale masanduku makubwa ya muziki ya kwenye baa: unatumbukiza sarafu, unachagua wimbo, sahani inajiweka yenyewe na kuimba. Likiharibika, anaitwa fundi. Kwa hiyo kampuni yenye jina kubwa hivi duniani ilizaliwa kama zinavyozaliwa biashara nyingi za hapa sokoni: mtu mwenye bisibisi, anayejua kufungua kitu na kukirudisha kikafanya kazi.

Mwaka 1973 biashara hiyo ikaandikishwa rasmi kuwa kampuni, ikaanza kutengeneza mashine za kumbi za burudani. Mwaka 1978 ikatoa mashine yake ya kwanza ya gemu ya video. Mashine nazo zilikuwa za sarafu, kama jukboksi. Ukiangalia vizuri, Kozuki hakuruka mbali. Aliendelea kuuza kitu kilekile, dakika chache za furaha kwa sarafu moja, ila sasa furaha ilitoka kwenye kioo.

Mwaka 1981 ukaja mchezo uliowapeleka mbali, Frogger. Wewe ni chura. Mbele yako kuna barabara imejaa magari, halafu mto umejaa magogo na kasa. Kazi yako ni kuvuka ufike nyumbani. Basi, hakuna kingine. Huna silaha, humpigi mtu. Tulipoueleza mchezo huu kwenye kikao chetu, kuna mtu alisema, "Huyo chura ni mimi," tukacheka wote, halafu tukanyamaza kidogo.

Mwaka 1983 ikafuata Track & Field, ile ya riadha ya kubonyeza vitufe haraka mpaka kidole kinauma, na mwaka 1985 Gradius, ya chombo cha angani.

Maisha thelathini

Hapa lazima tueleze jinsi biashara ya sarafu ilivyofanya kazi. Kwenye ukumbi, mwenye mashine anataka ufe haraka ili utumbukize sarafu nyingine. Kwa hiyo gemu zilitengenezwa ngumu makusudi. Baadaye Nintendo walipotoa mashine ya kuchezea nyumbani, gemu zilihamia sebuleni pamoja na ugumu wake, ingawa sarafu haikuwepo tena.

Mtu mmoja wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, alipewa kazi ya kuileta Gradius kwenye mashine hiyo ya nyumbani. Mchezo ulitoka mwaka 1986. Wakati wa kazi alitakiwa kuujaribu kila mara kuona kama una kasoro, lakini ulikuwa mgumu, yeye mwenyewe hakuweza kuumaliza. Akafanya ujanja: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukibonyeza hivyo unapewa silaha zote. Ilikuwa ya kwake ya kazini, lakini ikabaki ndani ya mchezo uliouzwa, na watoto wakaigundua. Baadaye Contra ilipotoka kwenye mashine za nyumbani, ukibonyeza hivyohivyo unaanza na maisha 30 badala ya 3. Watoto wa Marekani walifundishana kwa mdomo, shule hadi shule, kabla ya intaneti.

Hashimoto alifariki Februari 2020. Ujanja wake unajulikana dunia nzima, lakini waliujua kwa jina la kampuni. Waliojua jina lake yeye ni wachache sana.

Watu wasio na majina

Hilo la majina ndilo lililotushika. Miaka ile ya 1980 makampuni mengi ya gemu ya Japani hayakupenda majina ya wafanyakazi wao yaonekane kwenye mchezo, kwa kuogopa washindani wasije wakawanyakua. Watu waliandika majina ya bandia, au hawakuandikwa kabisa. Chukua Castlevania ya 1986, mchezo wa kuwinda Dracula. Ukiumaliza unaletewa orodha ya walioufanya, lakini majina ni ya utani, yamepindwa kutoka kwenye majina ya watu wa filamu na vitabu vya kutisha. Kuna "Vran Stoker", kwa mfano, kumtania Bram Stoker aliyeandika kitabu cha Dracula. Walichora, walitunga muziki, walikesha, halafu mwishoni wakaandikwa kama mzaha.

Sisi tunajua kidogo hali hiyo. Mwenzetu mmoja wa kundi hili, siku ya kwanza alipofika mpakani akiwa mdogo, jina lake liliandikwa kwa kusikia tu. Aliyeandika hakumwomba alitamke mara ya pili. Herufi mbili zikageuka, na jina la ukoo likawa la mbele. Miaka ikapita, hakuna aliyejali. Siku ya kujiandikisha mtihani, cheti cha shule kinasema mtu huyu, karatasi ya familia inasema mtu yule. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwaka mzima. Wenzake wakafanya mtihani, yeye akawa anashinda kibandani.

Mchezo wa kujificha

Mwaka 1986 Konami iliajiri kijana aliyetaka sana kutengeneza filamu, Hideo Kojima. Alipewa kazi ya kufanya mchezo wa vita kwa kompyuta ya MSX2. Tatizo ni kwamba kompyuta ile haikuwa na nguvu ya kuonyesha askari wengi na risasi nyingi kwa pamoja. Mwingine angesema haiwezekani. Kojima akageuza: kama siwezi kuonyesha vita, basi mchezo uwe wa kukwepa vita. Metal Gear, ya 1987, inakutaka upite bila kuonekana. Unaangalia askari anaangalia wapi, unasubiri, unapita. Ukionekana, umeharibu. Mwaka 1998 ikaja Metal Gear Solid kwenye PlayStation, na michezo ya namna hiyo ikaenea kila mahali.

Miaka hiyo ya 1990 kampuni ilikuwa imekua sana na kazi zake zilikuwa za kila namna. Kuna Dance Dance Revolution ya 1998, unayoicheza kwa miguu, na Silent Hill ya 1999, ya kutisha. Ila kuna mmoja tunataka mwujue, Suikoden ya 1995, ulioongozwa na Yoshitaka Murayama. Kijana mtoto wa jenerali analazimika kukimbia mji wake mwenyewe. Anapata ngome iliyoachwa katikati ya ziwa, na kazi yake kubwa ni kukusanya watu 108, wazo lililotoka katika hadithi ya kale ya Kichina. Si wapiganaji tu. Kuna mpishi, fundi chuma, mwenye duka, mtu wa lifti. Kila anayekuja, ngome inabadilika, inaanza kuwa mji. Na kila mmoja wa wale 108 ana jina lake, limechongwa kwenye jiwe moja kubwa. Murayama alifariki Februari 2024. Tukisema kuna mtu Japani aliyewaza juu ya waliokimbia kujenga mahali, tunamwazia yeye.

Sasa tuje kwenye PES

Mwaka 1995 Konami ya Tokyo ilitoa mchezo wa mpira kwa PlayStation uitwao Winning Eleven, wa ligi ya Japani. Nje ya Japani ukabadilishwa majina mara kadhaa, na mwaka 2001, kwenye PlayStation 2, ukaitwa Pro Evolution Soccer. Hiyo ndiyo PES. Kiongozi wake wa miaka mingi alikuwa Shingo Takatsuka, anayeitwa na wapenzi wake Seabass.

Mashine yenyewe, PlayStation 2, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Wenye nazo huko waliponunua mpya, zile za zamani zilianza safari, zikafika Nairobi, Kampala, Goma, Bujumbura, na mwisho kwenye vibanda vyetu. Diski zinanakiliwa. Memori kadi ya megabaiti 8 inapita mkono kwa mkono. Ndiyo maana wengi wetu tunaijua PES 6 ya mwaka 2006 kuliko zote, na Adriano wa Inter yuko hai kibandani hadi leo, na shuti lake la 99.

PES ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mpinzani wake, FIFA ya kampuni ya EA, alikuwa na pesa za kununua haki za ligi kubwa. Konami hawakuwa na ruhusa ya kutumia majina ya timu nyingi. Mpira wao ulisifiwa sana, miguu ilikimbia kama miguu ya kweli, lakini Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea kuna miaka iliitwa London FC. Baadhi ya wachezaji walipindwa majina. Sura ni yake, mbio ni zake, mguu wa kushoto ni wake, lakini karatasi inasema mtu mwingine. Mnaona tunakoelekea?

Ndani ya mchezo, hata hivyo, waliacha mlango: sehemu ya kuhariri. Unaweza kuandika jina sahihi mwenyewe, herufi kwa herufi, ukabadili jezi, ukahifadhi. Duniani kote kukawa na watu wanakesha kurekebisha timu zote, kisha wanagawa faili lao bure. Kibandani kwetu aliyefanya kazi hiyo ni nani? Ni yuleyule mwenzetu aliyekosa mtihani. Mwenye kibanda alimpa mechi za bure, naye akarekebisha majina ya Uingereza yote. Alipomaliza, akatengeneza timu mpya, maana katika zile PES tulizokuwa nazo hatukuikuta Congo wala Burundi. Akatuandika sisi. Kipa ni fulani wa boma la nne, beki ni fulani anayeuza maandazi. Kila jina alikuja kutuuliza, "Lako linaandikwaje hasa? Nitajie herufi." Hakuna ofisi iliyowahi kutuuliza hivyo.

Na kuna ile Master League. Unapewa timu ya wachezaji ambao hawapo duniani, Konami waliwabuni tu: Castolo, Minanda, Ximelez, kipa Ivarov. Hawana mbio, hawana nguvu, hakuna anayewataka. Ukivumilia nao, mwisho wanachukua kombe. Watu wa nchi nyingi wanawapenda hao waliobuniwa kuliko nyota wenye mikataba, na nasi tumo.

Mpaka wetu ndani ya gemu

Hii sehemu tuliijadili sana kama tuiandike. Tarehe 1 Septemba 2015 Konami ilitoa Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, ya Kojima. Mashine ya kuuchezea hatuna, tuliutazama kwa video kwenye simu. Nusu ya kwanza ni Afghanistan. Nusu ya pili ni mpakani mwa Angola na Zaire, mwaka 1984. Zaire ndiyo Congo yetu, kwa jina la wakati ule.

Wamo watoto wenye bunduki. Mchezo haukuruhusu kuwaua, ukimuua mtoto mchezo unakatika, umeshindwa. Unatakiwa kuwatoa. Wapo wanaosema Kikongo. Na upo ugonjwa unaokaa kooni na kuua watu kwa kufuata lugha wanayosema. Wachambuzi wengine waliliona wazo hilo kuwa la ajabu mno. Sisi tuliotoka mahali ambapo lafudhi yako kwenye kizuizi cha barabara ilitosha kukupitisha au kukumaliza, hatukuona ajabu.

Wenzetu wawili walikasirika. Walisema, "Watu wanacheza na maumivu yetu, na Afrika yenyewe ni nyasi na bunduki tu, soko halipo, shule haipo, mama hayupo." Ni kweli, tuliangalia, maisha ya kawaida hayamo. Wengine walisema angalau mtu alikataza mtoto kuuawa. Hatukukubaliana hadi leo.

Kilichotuuma wote ni mwisho. Wale watoto wanatolewa, wanapelekwa kambini kwa mhusika mkuu, wananyang'anywa silaha, halafu wanaondoka na kiongozi wao, mtoto mwenzao. Hadithi ya kilichowapata ilitungwa, lakini haikukamilishwa. Vipande vyake viliwekwa kwenye diski ya ziada ya toleo la gharama kubwa. Kwenye mchezo waliouziwa watu wote, watoto wameondoka, basi.

Sababu mojawapo ni kwamba mwaka huohuo Konami na Kojima walikuwa wanaachana. Kampuni ilikuwa imeelekea kwenye gemu za simu, mashine za kamari, na vituo vya mazoezi ya mwili ambavyo inavyo tangu miaka ya 2000. Jina la Kojima likaondolewa kwenye jalada la mchezo wake mwenyewe. Desemba 2015, mchezo ulipopata tuzo Marekani, ilitangazwa jukwaani kwamba mwanasheria wa Konami alimzuia kuja kuipokea. Ikapokelewa na mtu mwingine. Lakini ndani ya mchezo wenyewe, kila sehemu inapoanza na kuisha, jina lake linatokea tena na tena, kama mtu aliyejua litafutwa nje akaliandika ndani.

Na PES? Nayo ikafa jina. Tarehe 30 Septemba 2021 ikawa eFootball, ya bure. Siku ya kwanza nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda, watu wakacheka dunia nzima, na Konami ikaomba radhi hadharani. Baadaye waliirekebisha. Sasa iko kwenye simu, na inakula bando kuliko inavyokula muda.

Tunachoomba

Yule mwenzetu alifanya mtihani mwaka uliofuata. Karatasi yake ilirekebishwa baada ya mfanyakazi mmoja, mpya, kumwambia, "Kaa hapa, nitajie herufi moja moja." Ilichukua dakika tano. Mwaka mzima ulikuwa umesubiri dakika tano.

Kwa hiyo, ninyi wafanyakazi mnaosoma hapa, tunaomba hilo moja tu. Mkiandika jina, ligeuzeni daftari mwenyewe alione. Asiyejua kusoma, msomeeni. Na sisi vijana, tusikubali kusema "ni sawa tu" jina likikosewa, kwa aibu au kwa haraka ya foleni. Si sawa tu.

Jumamosi ijayo kuna mashindano kibandani, PES 6, watu 16. Anayetaka kucheza aandike jina lake kwenye maoni hapa chini, kamili, kama mama yake anavyoliita. Mama uliyetuuliza, mwanao yumo tayari, ni wa tatu kwenye orodha. Tumeliandika jina lake kwa herufi kubwa. Tuambie kama tumekosea.